Arbuni na Muhula

Katika siku za mwisho za Ramadhani hapana mtu mtaani apendwaye na alaumiwaye kwa wakati mmoja kama fundi cherehani. Nilipokuwa mtoto, marehemu baba alinishika mkono mwanzo wa mfungo akanipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa akishona barazani kwake, akampa arbuni ya shilingi tano kwa ajili ya kanzu mbili, yake na yangu. Na fundi, baada ya kunipima kwa futikamba na kuandika hesabu zake kwa chaki juu ya ubao wa cherehani, akatamka kwa utulivu kabisa kwamba kanzu zitakuwa tayari usiku wa ishirini na saba, inshaallah. Usiku huo tulipokwenda tulizikuta zimekatwa. Usiku wa ishirini na tisa tulizikuta zimepigwa bandi, nyuzi ndefu nyeupe zikining'inia mabegani, shingo haijatarizwa, na fundi, macho mekundu kwa kukesha, akatuonyesha kwa fahari jinsi kitambaa kilivyokaa sawasawa, kana kwamba tulikwenda pale kuonyeshwa kitambaa. Niliswali Idd na kanzu ya mwaka uliopita, iliyoishia juu ya vifundo vya miguu kwa kadiri ambayo wenzangu hawakukosa kuiona.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu kwa muda wa miaka kadhaa nimekuwa nikizifuata habari za kampuni ya Tesla ya Marekani, iundayo magari yaendayo kwa umeme, kama mtu afuatavyo kesi ya jirani isiyomhusu lakini isiyomwacha alale. Na kilichonivuta si magari yenyewe, kwani sina hata moja, wala hisa, kwani hizo pia sina, bali ni maneno ya wenye mali walioziweka fedha zao humo na ya wenzao waliokataa kuziweka. Watu hawa wana elimu kubwa ya hesabu, hukaa New York na London na Edinburgh, na wengi wao labda hawajapata kufungua kitabu cha fiqhi maishani mwao. Walakini ukiwasikiliza wabishanavyo juu ya bei ya gari lisilokwisha kuundwa, juu ya miadi iliyopita na miadi mipya iliyowekwa mahali pake, na juu ya hali ya kampuni hiyo baada ya miaka kumi, utadhani umekaa katika darasa la msikitini, mwalimu amefika kwenye mlango wa biashara, na wanafunzi wameanza kuulizana kama yajuzu kumwuza samaki aliye bado majini.

Tuanze na mwaka 2016. Usiku wa tarehe 31 Machi mkuu wa kampuni, Elon Musk, alisimama jukwaani akalifunua gari lililoitwa Model 3, akalitangazia bei ya dola 35,000, na kuahidi kwamba wanunuzi wataanza kulipokea mwishoni mwa mwaka 2017. La ajabu si kulifunua kwake. La ajabu ni kwamba tangu asubuhi ya siku hiyo, kabla mtu yeyote wa nje hajajua gari hilo lina umbo gani, watu walikuwa wamekwisha kujipanga misururu milangoni mwa maduka ya kampuni, kila mmoja na dola zake 1,000, ili jina lake liandikwe. Katika wiki moja majina yakafika 325,000. Piga hesabu mwenyewe: dola milioni 325 za watu wasiojuana, zimetolewa kwa ajili ya kitu ambacho hata mitambo ya kukiunda haijafungwa.

Miadi ikafika. Mwezi wa Julai 2017 magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa kwa sherehe, na waliokabidhiwa walikuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Ilikuwa imenenwa kwamba kabla mwaka haujaisha yatakuwa yakiundwa magari 5,000 kwa wiki. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo yaliundwa 2,425 kwa jumla. Roboti zilizonunuliwa ili zifanye kazi ya binadamu zikawa ndizo zinazoikwamisha kazi, hata mwezi wa Aprili 2018 Musk mwenyewe akakiri hadharani kwamba kuzitegemea mno kulikuwa ni kosa lake, na kwamba binadamu hupewa thamani ndogo kuliko anayostahili. Akawa akilala kiwandani, huko Fremont, California. Na katika uwanja wa kuegeshea magari likasimamishwa hema kubwa, na ndani ya hema, mstari mzima wa kuunganishia magari. Katika wiki ya mwisho ya Juni 2018 yale magari 5,000 yakatimia. Na lile gari la dola 35,000, ambalo ndilo lililowapanga watu misururu? Lilianza kutangazwa kuwa linauzwa mwishoni mwa Februari 2019, na baada ya wiki chache likaondolewa katika orodha ya mtandaoni, ikawa mwenye kulitaka apige simu au aende dukani kwa miguu yake.

Hema lile silisahau. Kila nilionapo katika picha, turubai jeupe juu ya nguzo, na chini yake watu wakivifunga vyuma kwa mikono yao, huiona ile bandi ya mabegani na yale macho mekundu ya fundi wetu. Na hapo moyo wangu, ambao ulikuwa umekwisha kuiandaa hukumu, hulegea kidogo. Mtu akeshaye katika kazi hakukusudia kumdhulumu amngojaye. Walakini kutokusudia hakumtoi mtu katika deni, na hili makarani wa hesabu wa kampuni hiyo walilijua kuliko wasemaji wake, kwa kuwa fedha zile za waliojiandikisha waliziandika katika upande wa madeni. Daftari mara nyingi lina adabu kuliko ulimi.

Lugha yetu nayo ina adabu yake. Fedha itangulizwayo ili kulifunga neno la biashara twaiita arbuni, na tunacho kitendo cha kurubuni, maana yake ni kumvuta mtu kwa maneno matamu mpaka akubali asilolikusudia. Maneno hayo mawili yanafanana mno masikioni, na kila niyatamkapo pamoja huona kama wazee waliotuachia lugha hii walikuwa wakitukonyeza. Masheikh wa mwambao, ambao madhehebu yao kwa wingi ni ya Imam Shafii, hufundisha kwamba arbuni ya kupotea, yaani ile ambayo mnunuzi akighairi muuzaji huimeza, haijuzu, ilhali Wahanbali wameiruhusu. Fedha za Model 3 zilikuwa za kurudishwa kwa mwenye kughairi, kwa hiyo hazina aibu hiyo. Bali zina hukumu nyingine, nayo ni ya kustaajabisha. Mtu atoaye fedha leo, naye aweza kurudishiwa zile zile bila ya nyongeza siku yoyote aitakayo, huyo kwa hakika hajanunua kitu: amekopesha, tena amekopesha karadha njema isiyo na riba. Watu laki tatu na zaidi wakawa wamemkopesha tajiri kwa ihsani, wakidhani wananunua gari.

Imepokewa kwamba sahaba Hakim bin Hizam alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mtu amjiaye akitaka bidhaa asiyokuwa nayo, naye akamwuzia kisha akaenda sokoni kuitafuta; akakatazwa asiuze asichokuwa nacho. Na imepokewa pia kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta wenyeji wakitoa fedha leo kwa ajili ya tende za mwaka ujao na wa pili yake, na hawa hakuwakataza. Aliwataka tu kwamba kipimo na uzani vijulikane, na siku ya kutoa tende ijulikane. Wanachuoni walipoyakutanisha hayo mawili, na hapo ndipo ilipozaliwa ile biashara iitwayo salam, waliona kwamba lililokatazwa si kesho yenyewe, kwani mkulima wa Madina naye hakuwa na tende mkononi. Lililokatazwa ni kesho isiyo na mpaka. Ahadi yenye kipimo na siku yaweza kuvunjwa, na kwa kuwa yaweza kuvunjwa ndiyo sababu yaweza kutimizwa. Ama ile isiyo na siku, au ambayo siku yake huhama kila ikaribiwapo kama mwisho wa upeo wa bahari, hiyo haivunjiki wala haitimii, na mwenye kuitoa hana dhima mbele ya yeyote.

Sasa tuwatazame wenye mali, maana hao ndio walionivuta katika habari hii. Mnunuzi wa gari na mnunuzi wa hisa hulisikia neno moja la kuchelewa, lakini haliwaingii kwa mlango mmoja. Kwa mnunuzi wa gari kuchelewa ni kanzu fupi siku ya Idd. Kwa mwenye hisa huweza kuwa hasara, na huweza vilevile kuwa chakula, kwa sababu alichokinunua yeye si gari bali ni taraja la magari, na taraja, maadamu halijafika, laweza kuuzwa tena na tena, kila safari kwa bei kubwa kuliko ya jana. Mwezi wa Julai 2020 thamani ya kampuni hii sokoni iliipita thamani ya Toyota, ambayo huuza magari yapatayo milioni 10 kwa mwaka, ilhali Tesla mwaka uliotangulia ilikuwa imewafikishia wanunuzi magari yasiyotimia laki nne. Mtu aliyeziona bei hizo mbili akasema kwamba soko limerukwa na akili hakuelewa soko lilikuwa likipima nini. Halikuwa likipima magari. Lilikuwa likipima ghaibu.

Walioamini wana hoja, na si hoja ya kijinga. Wawekezaji wa Baillie Gifford wa Edinburgh, walioingia katika kampuni hiyo tangu mwaka 2013, na wengine wa shauri lao, walisema kwamba jambo gumu halijapata kufanywa kwa wakati wake, na kwamba mwenye busara hahesabu siku bali hutazama mwelekeo wa safari: gari la kwanza, Roadster, lililoanza kutolewa mwaka 2008, lilizidi dola laki moja na yaliuzwa magari 2,450 au karibu yake katika maisha yake yote, ilhali mwaka 2022 kampuni hiyo iliwafikishia watu magari milioni 1.31. Hisa iliyouzwa kwa dola 17 mwezi wa Juni 2010, siku ilipoingia sokoni, katika mwaka 2020 peke yake bei yake ilizidi mara nane, na mwaka huohuo, wa 17 tangu kuasisiwa kwake, kampuni ikapata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza, dola milioni 721. Waliohesabu siku walishindwa na waliohesabu magari.

Na walioshindwa ni nani? Hapa pana kichekesho ambacho mwalimu wangu wa fiqhi angekipenda. Walikuwapo mabwana kama Jim Chanos na David Einhorn, watu mahodari wa kusoma daftari, ambao waliona kwamba ahadi hizi ni hewa, wakafanya ile biashara ya kuazima hisa za mtu mwingine, kuziuza kwa bei ya leo, na kungoja zishuke ili wazinunue kwa rahisi na kuzirudisha. Yaani katika kumshutumu mtu kwamba anauza asichokuwa nacho, wao nao wakauza wasichokuwa nacho! Mengi waliyoyasema yalikuwa kweli: miadi ilipita, bei iliyoahidiwa haikuonekana kwa muda, fedha za kampuni zilikaribia kwisha. Kweli hiyo haikuwasaidia, kwa sababu mwenye kuazima ana muhula, na yule aliyeahidi hakuwa nao. Mwaka 2018 Musk alimpelekea Einhorn sanduku la kaptura kwa dhihaka, kwa kuwa katika Kiingereza neno la kaptura na neno la biashara hiyo ni ndugu. Utani wa mabwana wenye mabilioni, ambao sidhani kwamba yule aliyekuwa akilingoja gari lake la dola 35,000 ulimchekesha sana.

Juu ya bei nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi. Mwezi wa Januari 2023 kampuni ilizipunguza bei zake ghafla, hata Model Y ya namna moja ikashuka huko Marekani kutoka dola 65,990 mpaka 52,990, na aliyeilipia mwezi wa Desemba akaamka akaona dola 13,000 zimeyeyuka. Nchini China wenye magari walikusanyika madukani, Chengdu na Shanghai, wakidai wafidiwe. Sikuona kwamba wana haki. Bidhaa zilipopanda bei Madina na watu wakataka wawekewe bei, Mtume hakuiweka. Na mnunuzi aliyeridhika jana kwa akili zake, bila ya kufichwa aibu ya kitu, hakudhulumiwa kwa sababu jirani yake leo amenunua kwa rahisi. Tena bei hizohizo zilipokuwa zikipandishwa mara kwa mara katika mwaka 2021 na 2022, sikusikia mtu aliyenunua mapema akienda dukani kulipa tofauti.

Wenye hisa ndio waliougua kwa haki, kwa kuwa katika kila dola 100 za mauzo, faida ya kampuni kabla ya gharama za uendeshaji ilishuka kutoka karibu 26 mwaka 2022 mpaka karibu 18 mwaka 2023. Wengine wakasema hii ni dawa chungu ya kukilisha kiwanda kisilale njaa. Wengine wakasema ni dalili kwamba wateja wamepungua, na hawa walipata nguvu mwaka 2024 magari yaliyotolewa yalipopungua kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2025 yakapungua tena. Musk akawajibu mapema, mwezi wa Aprili 2023, kwa jawabu lililonifanya niiweke chini kalamu: kwamba ni afadhali kuyauza magari mengi sasa kwa faida ndogo, kisha kuivuna faida baadaye, gari litakapokuwa likijiendesha lenyewe. Yaani gari tunalolipa leo ni arbuni tu. Bidhaa yenyewe bado.

Bidhaa hiyo imengojwa kwa muda mrefu. Mwezi wa Oktoba 2016 kampuni ilitangaza kwamba kila gari litokalo kiwandani lina vyombo vyote vya kuliwezesha kujiendesha, na kwamba mwisho wa mwaka 2017 gari moja litatoka Los Angeles mpaka New York pasipo mkono kugusa usukani. Mwezi wa Aprili 2019 wakaambiwa wenye hisa kwamba mwaka ujao yatakuwapo barabarani magari zaidi ya milioni yawezayo kufanya kazi ya teksi bila ya dereva. Programu ya gari kujiendesha ikawa ikiuzwa kando, nayo bei yake ikawa ikipanda kwa hoja kwamba kila inapokamilika inazidi thamani, hivyo mwenye akili na ainunue mapema; ikafika dola 15,000 mwezi wa Septemba 2022, ikashushwa mpaka 12,000, na mwezi wa Aprili 2024 ikawa 8,000. Tazama jambo hili vizuri: kitu kilipokuwa mbali bei yake ilipanda, na kilipokaribia bei yake ikashuka. Mwezi wa Januari 2025 Musk alikiri kwamba baadhi ya magari yaliyouzwa kwa ahadi ile yatahitaji kubadilishiwa kompyuta; na mwezi wa Juni mwaka huo teksi zake chache zilianza kuzunguka Austin, Texas, kila moja na mtu wa kampuni amekaa kando ya kiti cha dereva, macho mbele.

Ukitaka kujua kwa nini hapana kadhi aliyewafunga watu hawa kwa miadi hiyo yote, sikiliza mazungumzo yao na wenye hisa, yafanywayo kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya mkuu kufumbua kinywa hutangulia msaidizi, akasoma kwa sauti kavu na ya haraka kwamba baadhi ya yatakayosemwa yanahusu mambo yajayo, na kwamba mambo yenyewe huenda yakawa kinyume; na sheria ya Marekani ya mwaka 1995 humpa kinga mwenye kuyatabiri ya mbele akiwa ameitanguliza tahadhari ya namna hiyo. Mara ya kwanza nilipoyasikia nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeisikia inshaallah ya wanasheria.

Kisha kicheko kikakatika. Inshaallah yetu, kama Sura ya Kahf inavyotufunza, ni neno la mtu aliyekwisha kutia nia ya kweli, akaukumbuka udhaifu wake; kusudi lake ni kuizidishia ahadi uzito kwa kumshuhudisha Mwenyezi Mungu. Sisi wenyewe tumeigeuza ikawa pazia. Mtu wa mwambao akiambiwa "inshaallah" na fundi, na pengine na karani wa serikali, huanza kutafuta mahali pengine. Kwa hiyo sina uso wa kuwanyoshea kidole wanasheria wa Marekani, ambao angalau huisoma tahadhari yao kabla, kwa sauti ya kusikika, na huichapisha.

Lakini iko haja ya kulijibu lile suala nililolizunguka tangu mwanzo, nalo ni la insafu: mmoja akingoja na mwingine akafaidika kwa kungoja kwake, je, faida hiyo ni halali? Mwenye hisa atajibu kwamba yeye ni mshirika. Kwamba kampuni ingekufa mwaka 2018, kama ilivyokaribia, aliyeweka dola 1,000 angekuwa mdai katika msururu wa wadai, na mwenye hisa asingepata hata kishikizo. Na kanuni ya mafakihi ni kwamba mwenye kubeba hasara ndiye mwenye haki ya faida. Hoja hii ni nzito, nami naikubali kwa yule aliyeinunua hisa akakaa nayo kama mtu wa Pemba akaavyo na mikarafuu yake, ambaye huipanda akijua kwamba kitapita kipindi cha miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma, huipalilia, na jua likiiunguza huungua nayo. Siikubali kwa yule aliyeinunua asubuhi ili amwuzie mwenzake jioni, pale habari mpya ya miadi mpya itakapokuwa imeitia bei moto. Huyo hakubeba hasara; aliishika kwa ncha za vidole akampa mwingine. Na kwa kuwa sokoni wote wawili huitwa kwa jina moja, mwekezaji, mkuu wa kampuni huwahutubia kwa hotuba moja, naye yule wa jioni ndiye mwenye masikio makali zaidi kwa maneno makubwa. Hapo ndipo nionapo asili ya ugonjwa. Ahadi hizi hazikutolewa kwa mnunuzi wa gari hata kidogo, ijapokuwa jina lake ndilo lililotajwa. Zilitolewa juu ya kichwa chake, kwa yule wa jioni, na subira ya maskini ikawa ndiyo mtaji wa biashara ambayo yeye hana fungu ndani yake.

Wako watu ambao kwao jambo hili li wazi kuliko kwa wote. Mwezi wa Novemba 2017 lilionyeshwa gari jipya la fahari lenye jina lilelile la Roadster, likaahidiwa kutoka mwaka 2020, na waliotaka kuwa katika magari 1,000 ya kwanza walitakiwa walipe dola 250,000 zote kabla. Kwa sura ya nje hii ndiyo iliyoikaribia salam kuliko zote: fedha imelipwa kamili, siku imetajwa. Mwaka 2020 ukapita, na mwaka 2025 ukaisha, gari halijafika kwa mnunuzi hata mmoja. Katika madhehebu yetu siku ya salam ikifika na bidhaa haipatikani, mnunuzi hupewa khiyari mbili, aivunje biashara na kurudishiwa rasilimali yake, au asubiri. Na mkononi mwake, si mkononi mwa muuzaji, ndimo iliyomo khiyari hiyo. Najiuliza mara nyingi ni watu gani waliochagua kusubiri, na wanaposubiri wamesubiri nini hasa: gari, au nafsi zao za mwaka 2017, zilizosimama ukumbini usiku ule taa zilipozimwa na lile gari jekundu likatokea ghafla ndani ya lori.

Kanzu zetu zilikwisha siku ya tatu ya Idd. Baba aliipokea yake, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa kwapa taratibu kama mtu asomaye, hakusema neno, akalipa iliyobaki. Mimi yangu niliivaa mpaka ikanibana. Mwaka uliofuata, mfungo ulipoingia, alinishika mkono kama kawaida yake, na mama alipoona anatia shilingi mfukoni akamwuliza, "Wenda kwa yule yule?" Akasema yule yule. Tulipofika, fundi aliinuka kwa furaha akanyosha mkono wa kupokea arbuni, na baba akaushika mkono ule kwa salamu tu, akauachilia, akakaa juu ya mkeka akasema, "Kwanza nionyeshe jora, Fundi. Kisha nionyeshe na kanzu za watu walio mbele yangu."

Fundi akamtazama, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu.